Ioni Moja Kati ya Maelfu: Utafiti wa Wang Shuao juu ya Tekineti na Viunzi vya Fuwele

Mchango wa mwanakemia aghalabu hupimwa kwa idadi ya makala alizochapisha na kwa mara ambazo makala hizo zimenukuliwa na watafiti wengine, na kwa kipimo hicho kazi ya Wang Shuao, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Soochow katika mji wa Suzhou nchini China, imekwisha kupata nafasi yake kwenye orodha zinazoandaliwa kila mwaka. Kipimo hicho si cha kudharauliwa, lakini kinaeleza tu kwamba kazi imesomwa, wala hakielezi imebadilisha nini. Mhadhara huu unafuata njia nyingine, nayo ni kutazama swali ambalo wanakemia wa elementi nururifu walikuwa wakijiuliza kabla ya kazi hiyo na swali wanalojiuliza sasa. Zamani iliulizwa ni gramu ngapi za uchafu nururifu ambazo kinasio, yaani dutu ya kuunasa uchafu huo, kinaweza kubeba. Siku hizi huulizwa zaidi kama kinasio hicho kinaweza kuutambua uchafu huo pale unapokuwa umezamishwa ndani ya chumvi nyingine zilizouzidi mara maelfu. Mabadiliko hayo hayakuletwa na mtu mmoja, ila katika suala la elementi moja, yaani tekineti, alama za mkono wa Wang na wanafunzi wake zinaonekana wazi kuliko za wengine.

Tekineti ni elementi ya 43 katika jedwali la elementi, nayo ni nyepesi kuliko zote ambazo hazina hata isotopu moja iliyo thabiti, isotopu zikiwa ni aina za elementi moja zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni kwenye kiini. Carlo Perrier na Emilio Segrè waliitambua mwaka 1937 mjini Palermo, Italia, ndani ya kipande cha molibdeni kilichokuwa kimepigwa chembe kwenye mashine ya Berkeley, Marekani. Hapo awali ilidhaniwa kwamba haimo kabisa katika ardhi, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 B. T. Kenna na Paul Kuroda waliipata katika mbale za urani zilizotoka Kongo, na kiasi chenyewe kilikuwa takriban sehemu 0.2 ya nanogramu katika kila kilo moja ya mbale, nanogramu ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kiasi hicho kidogo mno hutokana na atomi za urani zinazopasuka zenyewe. Ndani ya kinu cha nyuklia mambo ni tofauti, kwa kuwa katika kila viini 100 vya urani vinavyopasuka takriban sita huishia kuwa tekineti-99, na tekineti hiyo ina nusu-maisha ya miaka takriban 211,000, maana yake ni kwamba muda huo wote ukipita, nusu yake bado itakuwapo.

Tekineti ikiwa ndani ya maji yenye oksijeni haikai peke yake, bali atomi moja hushikamana na atomi nne za oksijeni na kufanya ioni inayoitwa pertekinetati, ambayo ina umbo la piramidi ya pembe nne na chaji hasi moja tu. Katika sifa hii ndogo ndimo ilimo hadithi yote inayofuata, hivyo inastahili kuelezwa kwa utulivu. Chaji moja ikitandazwa juu ya mwili mkubwa wa atomi tano huwa hafifu kila mahali, na ioni ya namna hiyo haiyavuti maji kwa nguvu, tofauti na ioni ya sulfati ambayo ina umbo lilelile lakini ina chaji mbili na kwa hiyo hujivika tabaka la molekuli za maji ambalo si rahisi kulivua. Wahudumu wa tiba ya nyuklia huitumia sifa hiyo kila siku ya kazi, katika hospitali za Dar es Salaam na Nairobi kama kwingineko: ndani ya kifaa kidogo chenye kinga ya risasi mna safu ya alumina iliyoshika molibdeni-99, ambayo hubadilika polepole kuwa tekineti-99m, na maji ya chumvi yakipitishwa humo, ioni ya molibdeni yenye chaji mbili hubaki imeng'ang'ania alumina ilhali pertekinetati yenye chaji moja huteremka na maji na kuingia kwenye kichupa, tayari kwa uchunguzi wa tezi la shingo au wa mifupa. Dawa hiyo haina uhusiano na hatari inayozungumziwa hapa, kwa sababu tekineti-99m ina nusu-maisha ya saa sita tu na kiasi kinachotumika kwa mgonjwa ni kidogo sana. Lakini kemia ni ileile: kinachomrahisishia kazi mhudumu wa hospitali ndicho kinachomtesa msafishaji wa ardhi, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi na madini mengi yana chaji hasi juu ya nyuso zake, na pertekinetati, yenye chaji hasi na isiyoshikika, hupita katikati yake na kusafiri na maji ya ardhini bila kizuizi.

Mahali ambapo tatizo hilo limejengeka kwa ukubwa ni Hanford, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kando ya mto Columbia. Huko ndiko plutoni ya bomu la Nagasaki ilikotengenezwa baada ya kituo hicho kuanzishwa mwaka 1943, na ni vyema ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu la atomiki wa wakati ule wa vita ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwenye nchi inayosema Kiswahili, na wachimbaji ambao hawakuambiwa inakwenda kufanya kazi gani. Taka zilizobaki Hanford zimehifadhiwa kwenye matangi 177 yaliyofukiwa ardhini, yenye zaidi ya lita milioni 200 za maji mazito ya chumvi na tope, na baadhi ya matangi hayo yamekwisha kuvuja. Mpango wa miaka mingi umekuwa ni kuyageuza maji hayo kuwa kioo kwa kuyachanganya na viambato vya kioo kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, na katika joto hilo tekineti hugeuka mvuke na kutoroka na moshi, ikabidi ikamatwe kwenye vichujio na kurudishwa tena mwanzo wa mzunguko. Kwenye viwanda vinavyosafisha mafuta ya nyuklia yaliyotumika nako huleta usumbufu wake, kwani huandamana na urani na plutoni na kuharibu kemikali zinazotumika kuzitenganisha hizo mbili. Ndiyo maana kuitoa mapema, kabla ya tanuri na kabla ya utenganishaji, ni jambo lililotamaniwa kwa miongo kadhaa.

Wang aliingia katika tatizo hili akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, Indiana, chini ya Thomas Albrecht-Schmitt, mtafiti ambaye jina lake limefungamana na elementi nzito zinazofuata urani. Mbinu ya maabara ile ilikuwa rahisi kuieleza. Asidi ya boroni, unga mweupe unaopatikana hata kwenye maduka ya dawa, huyeyuka ikipashwa joto la nyuzi takriban 170, na timu ile iliipasha hadi karibu nyuzi 200 pamoja na chumvi ya thori, bila kuitumia kama kiyeyushi tu, kwa sababu asidi yenyewe iliingia kwenye mwili wa zao. Baada ya kupoa, asidi iliyozidi huoshwa kwa maji ya moto na kinachobaki ni fuwele. Mwaka 2010 timu hiyo, Wang akiwa mwandishi wa kwanza, ilitangaza fuwele iliyoitwa NDTB-1, ambamo kila atomi ya thori imezungukwa na atomi 12 za oksijeni, na borati, yaani boroni iliyoungana na oksijeni, zimeziunganisha thori hizo kuwa kiunzi chenye vyumba na njia. Kilichowashangaza wasomaji ni chaji yake, kwa kuwa kiunzi kizima kilikuwa na chaji chanya, na ioni hasi za borati zilizokuwa zikielea ndani ya vyumba ziliweza kufukuzwa na nafasi zao kuchukuliwa na pertekinetati. Thori, elementi nururifu, ikawa imejenga nyumba ya kumfungia mwenzake nururifu. Ni kwa mbinu hiyohiyo ya asidi ya boroni iliyoyeyushwa kwamba maabara ya Albrecht-Schmitt, ikiwa tayari imehamia Florida, ilitengeneza mwaka 2014 borati ya kaliforni, elementi ya 98, ambayo upatikanaji wake ni wa miligramu chache tu.

Upande wa pili wa asili ya kazi hii unatoka kwenye tawi la kemia ambalo halikuanza na mnururisho hata kidogo. Mwaka 1989 Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, aliunganisha ioni za shaba na molekuli yenye mikono minne inayoelekea pembe nne za piramidi, akapata fuwele yenye mpangilio wa almasi lakini iliyojaa uwazi. Susumu Kitagawa wa Kyoto alionyesha mwaka 1997 kwamba gesi inaweza kuingia na kutoka kwenye viunzi vya aina hiyo bila viunzi kuporomoka, na mwaka 1999 Omar Yaghi alitoa kiunzi cha zinki kiitwacho MOF-5, ambacho gramu yake moja ina eneo la ndani la zaidi ya mita za mraba 2,000. Watatu hao walipewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2025. Viunzi hivi, vinavyoitwa hapa viunzi vya metali na ogania, hujengwa kwa viungo viwili: ioni za metali zinazokaa kwenye maungio, na molekuli za kaboni zinazokaa kama nguzo kati ya ungio na ungio. Kwa kuwa nguzo na metali vyote viwili vinaweza kubadilishwa, mwanakemia hupata uhuru wa kupanga ukubwa na tabia ya vyumba ambao borati ya thori haikuweza kumpa.

Uhuru huo ulikuwa na tatizo lake. Nguzo nyingi zinazotumika zina asidi za kaboni mwishoni, ambazo zikishika metali hubeba chaji hasi na kuifuta chaji chanya ya metali, ikabaki nyumba isiyo na chaji ambayo haina sababu ya kuvuta ioni hasi. Viunzi vingi vya mwanzo, MOF-5 kikiwamo, vilikuwa pia na udhaifu wa kuvunjika vikikutana na unyevu, na hakuna matumizi ya kinasio kinachokufa maji yakifika. Baada ya kuanzisha maabara yake Suzhou, Wang na wenzake waliachana na nguzo za asidi wakachagua nguzo zisizo na chaji zinazoshika metali kwa atomi za nitrojeni, ili chaji chanya ya metali ibaki bila kufutwa na kutandaa kwenye kiunzi kizima, huku ioni hasi nyepesi kama nitrati zikikaa vyumbani kwa muda, tayari kuhama. Mwaka 2017 vilitangazwa viunzi viwili vya namna hiyo. Cha kwanza, SCU-100, kilikuwa na ioni za fedha zilizobakiwa na nafasi wazi za kushikamana na oksijeni za pertekinetati. Cha pili, SCU-101, kilikuwa cha nikeli, na umuhimu wake haukuwa katika wingi wa kilichonaswa bali katika kuonekana: watafiti waliweza kuipata kwa eksirei picha ya atomi za pertekinetati ikiwa imekaa ndani ya fuwele, imezungukwa na mtandao wa vifungo vya hidrojeni, mvutano mwepesi kati ya hidrojeni za nguzo na oksijeni za ioni. Kabla ya hapo makala nyingi zilieleza kwa kukisia mahali ambapo ioni hukaa. Kwa maoni ya mhadhara huu, picha hiyo ni kazi yenye uzito kuliko rekodi yoyote ya uwezo iliyofuata, kwa sababu anayejua mahali ioni ilipokaa anaweza kuipangia kiti.

Ni kweli pia kwamba majaribio mengi ya fani hii hayatumii tekineti kabisa. Tekineti-99 hutoa miale ya beta, yahitaji kibali na chumba maalumu, na kwa hiyo watafiti huanza na reni, jirani wa chini yake kwenye jedwali, ambaye ioni yake ya perenati inafanana na pertekinetati kwa umbo na karibu kabisa kwa ukubwa, na ambaye hana hatari ya mnururisho kwa vipimo vya maabara. Makala zisizo chache huishia hapo hapo kwenye reni na kudai ushindi juu ya tekineti. Maabara ya Suzhou, iliyo sehemu ya taasisi ya tiba na kinga ya mnururisho, ina kibali, na huweza kuweka miligramu za unga wa kiunzi kwenye kichupa chenye myeyusho wa tekineti halisi, kukitikisa, kuchota matone kwa vipindi, na kutazama jinsi mwinuko wa grafu unaotokana na pertekinetati kwenye mwanga wa urujuanimno, karibu na nanomita 290, unavyoshuka mpaka mstari unalala. Halafu unga uleule huwekwa mbele ya miale ya gama ya kobalti-60 na kupimwa tena kama fuwele bado zimesimama.

Kiunzi kilichofuata, SCU-102, ambacho makala yake ilitoka mwaka 2019, ndicho kinachoonyesha vizuri mabadiliko ya swali yaliyotajwa mwanzoni. Kinajengwa kwa nikeli na molekuli yenye mikono minne ya piramidi, sura ileile ambayo Robson aliichagua miaka 30 kabla, ila kila mkono sasa unaishia na pete ya imidazoli, pete ndogo yenye nitrojeni mbili. Uwezo wake ni miligramu 291 kwa gramu, na hapo hakina la kujivunia sana, kwani vipo vinasio vinavyobeba zaidi. Nguvu yake ni kwamba huinasa karibu pertekinetati yote hata pale nitrati na sulfati zinapokuwa zimeizidi mno. Vinasio vya kawaida hufanya kinyume, kwa kuwa huvutwa na chaji, na mwenye chaji nzito zaidi, yaani sulfati, ndiye anayekaribishwa kwanza. Kifumbu huchuja tui kwa ukubwa wa machicha, lakini hapa ukubwa hausaidii, maana sulfati na pertekinetati zina umbo moja na zote zinapita mlangoni. Kinachozitofautisha ni maji zilizovaa. Kuta za vyumba vya SCU-102 zimejengwa kwa pete za kaboni zinazokwepa maji, na ioni inayotaka kukaa humo lazima ivue tabaka lake la maji kwanza. Sulfati hulipia gharama kubwa ya nishati kulivua, nitrati hulipia kiasi, na pertekinetati, ambayo tangu mwanzo haikushikwa sana na maji, huingia bila shida na kukuta kuta zinazoipokea. Ule udhaifu uliokuwa ukiifanya iteleze kwenye alumina ya hospitali na kwenye udongo wa Hanford umegeuzwa kuwa mpini wa kuishikia.

Tawi hili la kemia lina mazao mengine ambayo hayana budi kutajwa, japo kwa ufupi. Elementi nururifu yenyewe yaweza kuwekwa kwenye maungio ya kiunzi, kama alivyofanya Omar Farha wa Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 2017 kwa kiunzi cha urani chenye vyumba vya upana wa nanomita tano na sita, vipana mno kwa kipimo cha atomi. Mwaka huohuo maabara ya Wang ilitoa kiunzi cha urani ambacho mng'ao wake wa kijani hufifia kadiri kinavyopigwa na miale, kikawa kipimo cha mnururisho badala ya kuwa chanzo cha hofu. Wenbin Lin alikwisha kuonyesha mwaka 2013 kwamba viunzi vyaweza kunasa urani iliyomo kwenye maji ya bahari, ambayo ni takriban sehemu tatu katika bilioni. Jambo hilo la mwisho linagusa Tanzania kwa karibu kuliko tekineti, maana amana ya urani ya Mto Mkuju wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, ikichimbwa, haitatoa tekineti ya kuhesabika; wasiwasi wa maji yanayotoka machimboni ni urani yenyewe na radi, elementi nururifu inayofuatana nayo, na anayetaka kufuata kemia hii kwa manufaa ya Ruvuma aanzie huko.

Sifa hizo zote hazijakiondoa kiunzi katika hali yake ya sasa, ambayo ni unga wa kupimwa kwa miligramu. Hanford huchota maji yake ya ardhini na kuyapitisha kwenye resini za kubadilishana ioni, yaani punje za plastiki zinazotengenezwa viwandani kwa tani, na resini hizo, pamoja na ulegevu wake mbele ya mnururisho mkali, ni rahisi kununua na hazizibi mabomba. Unga wa fuwele huziba, na nguzo zenye mikono minne ya imidazoli zinahitaji hatua kadhaa za utengenezaji, kila hatua ikiwa na gharama yake. Inaonekana Wang mwenyewe alitambua mapema kwamba viunzi vya metali vina mipaka yake. Mwaka 2018, kabla hata SCU-102 haijachapishwa, maabara yake ilitoa kinasio SCU-CPN-1 kisicho na metali hata kidogo, mtandao wa kaboni wenye pete za imidazoli, ambacho hushiba haraka mno na kustahimili asidi kali ya mafuta ya nyuklia yaliyoyeyushwa, mahali ambapo viunzi vya metali huwa mashakani. Mwanakemia aliyejenga jina kwa viunzi vya metali akaitupa metali ilipokuwa kikwazo, na uamuzi huo unasema mengi zaidi juu ya nidhamu yake kuliko tuzo. Mwaka 2020 ikafuata SCU-103, safari hii yenye metali tena, kwa ajili ya taka za alkali kali za Savannah River, South Carolina, ambako tatizo si asidi bali kinyume chake.

Kuna hatua moja ambayo vinasio hivi vyote bado havijaivuka. Kiunzi kilichoshiba tekineti chaweza kuoshwa kwa myeyusho mzito wa nitrati na kutumika tena, lakini tekineti iliyooshwa iko tena ndani ya maji, safari hii ikiwa imekolezwa, na ikipelekwa kwenye tanuri la kioo itageuka mvuke kama ilivyofanya mwanzo. Kiunzi kikiachwa nayo ndani, basi fuwele yenyewe ni taka, na nguzo zake za kaboni haziwezi kustahimili joto la kioo kilichoyeyuka. Baadhi ya watafiti wanajaribu kuipa atomi ya tekineti elektroni na kuishusha kutoka hali yake ya chaji saba hadi ya chaji nne, ambayo haiyeyuki kirahisi majini na inaweza kuingizwa ndani ya madini ya chuma.